Sahani ya Bi Zuhura

Jumamosi, Horohoro mpakani. Jua la kabla ya masika, upepo hakuna, basi limezima injini, na mapajani nimepakata sahani ya watu.

Shajara yangu ya mtandaoni, najua nimekutupa wiki tatu. Usininunie. Nilikuwa Tanga nikieneza Injili, au ndivyo kanisa letu la Voi linavyoamini. Ukweli wenyewe ni kwamba kwa sehemu kubwa ya wiki hizo nilikuwa nakula.

Foleni ya kugongewa mihuri haisogei. Mchungaji Mwadime amesinzia kivulini, mkewe Mama Neema anamfukuzia nzi kwa tiketi, nami nina simu yenye chaji na jambo la kusema. Acha niliseme sasa, kabla sijafika nyumbani na kuanza kulipamba.

Kwa wanaopita hapa mara ya kwanza: mimi ni Wakio, Mtaita, mshonaji wa sare za shule, na nina kigugumizi tangu utotoni. Wanasema ulimi hauna mfupa. Wangu unao, na unajua kukwama njiani. Nikiimba hakuna shida, maneno yanatiririka kama maji ya bomba. Nikiongea, hasa na mtu nisiyemjua, naweza kusimama kwenye neno moja mpaka msikilizaji aangalie saa, au afanye lile ninalolichukia zaidi: anitafutie neno na kunimalizia.

Watu hunimalizia kwa upendo, najua. Lakini mara nyingi wananimalizia sentensi ambayo si yangu, nami kwa kuchoka naikubali tu na kuondoka nayo.

Ndiyo maana ushirika mdogo wa Tanga ulipotualika kwenda kutembelea watu nyumba kwa nyumba, mimi nilichaguliwa kwa ajili ya sauti. Mchungaji angehubiri, Mama Neema angeombea wagonjwa, Wakio angeimba. Tuliombewa mbele ya kanisa, kisha mzee mmoja akatangaza kwamba tukirudi kila mmoja wetu atasimama aeleze ni nani amemshuhudia habari za Yesu, kwa mdomo wake mwenyewe. Kanisa zima likaniangalia kwa ile huruma yao yenye tabasamu. Nikasema amina, nikijua kwamba nitaimba kama kawaida.

Lakini nikuungamie, shajara. Nilitamani safari hii nisiimbe. Nilitamani nimwambie mtu ninachokiamini, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, bila msaada wa mtu.

Mtu mmoja tu.

Mchungaji aliipanga safari vizuri sana. Aliangalia ratiba ya mabasi, akaangalia mvua, akaangalia likizo za shule. Hakuangalia mwezi. Tulishuka Tanga na mwezi wa Ramadhani ndio kwanza umeandama.

Kila nyumba tuliyopiga hodi pale mtaa wa Ngamiani, wenyeji walitoka, wakatukalisha barazani, wakatuuliza za safari, za Voi, za wazazi, za mvua, kisha wakaanza kutuomba radhi kwa kushindwa kutupa hata kikombe cha chai. Sisi ndio tuliokosea msimu, na wao ndio wanaoomba radhi. Mchungaji alimhubiria fundi baiskeli mmoja kwa muda mrefu, na yule fundi akawa anaitikia tu, naam, kweli kabisa, Mwenyezi Mungu mkubwa. Mchungaji akaona mavuno hayo. Adhana ilipolia, fundi akafuta mikono, akasema, "Mchungaji, maneno yako mazuri. Niangalizie baiskeli hizi niende nikaswali, nikirudi tutaendelea." Mchungaji akabaki analinda baiskeli. Fundi aliporudi waliendelea kweli, na mpaka tunaondoka wamekuwa marafiki wa kutaniana, kila mmoja akiwa bado upande wake.

Mimi niliimba pale palipofaa kuimba. Kwingine nilitabasamu.

Nyumba tuliyopangishiwa ilikuwa na ua mmoja na nyumba ya jirani. Jirani mwenyewe ni Bi Zuhura, mjane mtu mzima, mwembamba, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Kila alasiri hubandika karai uani akapika kaimati na bajia za kuwauzia watu wa kufuturu. Siku ya kwanza nilitoka kwenda kumsalimia, kama tulivyofundishwa, nikamkuta katikati ya kazi, anachota unga kwa vidole na kuudondosha kwenye mafuta.

Nikaanza shikamoo. Neno likagoma pale pale mwanzoni.

Nilikazana. Shingo ikakakamaa, macho nikayafumba, na nikangoja lile ninalolijua, kwamba sasa ataitikia marahaba kabla sijafika ili anipunguzie adha. Hakuitikia. Nilipofumbua macho nilimwona amesimama, mwiko mkononi, ananitazama kwa utulivu kana kwamba nimesema nisubiri kidogo naye amekubali kusubiri. Kaimati zinabadilika rangi nyuma yake, harufu inatoka, naye hageuki. Nikamaliza shikamoo yangu nzima.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Ndipo akageukia karai. Zilikuwa nyeusi.

Magharibi ilipoingia alinigongea mlango wa uani na sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, imefunikwa kawa la ukindu. Nilipofunua nikazikuta zile kaimati zilizoungua, zimemwagiwa shira vizuri, na pembeni mihogo ya nazi ambayo haikuwa na kosa lolote. "Zimeungua kwa salamu yako hizo," akasema. "Basi zile wewe."

Nilizila zote. Sijawahi kula kitu kilichoungua kwa furaha kiasi kile.

Kesho yake niliiosha sahani mpaka ikang'aa, nikairudisha. Bi Zuhura akaipokea, akaigeuza huku na huku, akaitazama kama daktari anayemtazama mtoto. "Umeiosha vyema, mwanangu. Imekuwa safi mpaka yaona njaa." Sikuelewa. Akanieleza bila kunipa aibu kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Kama huna kitu weka chungwa, kama huna chungwa weka hata chumvi, lakini sahani isiende nyumbani kwake mikono mitupu.

Basi nikaanza kuishi kwa sahani. Jioni ilikuja na tambi, au viazi vitamu, au maharage ya nazi ambayo Mchungaji aliyasifia hata katika sala ya chakula. Kesho yake inarudi na machungwa, au maembe, au sukari. Nyama na kuku sikuthubutu kumpelekea, nikijua mambo yao ya kuchinja. Siku niliyoishiwa nikapika kimanga, chakula chetu cha Kitaita, mihogo na maharage vilivyopondwa pamoja mpaka vikashikana. Bi Zuhura alichovya kidole akakikagua.

"Hiki, Mtaita, chaliwa au chazibia ukuta?"

Kesho yake jioni sauti ikaja kutoka uani: "Kile cha kuzibia ukuta hakijabaki?"

Hapo ndipo nilipojua nimepata rafiki. Tulikuwa tukikaa pamoja alasiri, yeye na unga wake, mimi na kisu nikimenya mihogo. Aliongea zaidi yeye. Nilipotaka kusema neno alinyamaza akalingoja, hata liwe neno la upuuzi tu kuhusu bei ya nazi. Nilisema mengi kuhusu bei ya nazi, shajara. Kuhusu Yesu sikusema hata moja.

Kila asubuhi Mchungaji alituuliza habari za jana. Mama Neema alikuwa na mgonjwa wa kusimulia habari zake, Mchungaji mwenyewe alikuwa na fundi baiskeli. Wakija kwangu wanasema, "Na Wakio aliimba vizuri sana." Wananimalizia, unaona. Mpaka Jumanne hii, wiki yetu ya mwisho, Mchungaji akaniuliza taratibu, "Na huyo jirani yako, binti? Mnakaa pamoja kila siku. Umemwambia?"

Nilikasirika, na nilikasirika kwa sababu alikuwa na haki.

Siku hiyohiyo Bi Zuhura alikuwa ameniagiza. "Leo usinipe machungwa," alisema asubuhi. "Leo n'tafuturu kwa kimanga chako." Nikakipika kwa mapenzi yote, nikatia vitunguu vya kukaanga juu, nikakipakua kwenye sahani ile yenye ukingo wa buluu na kufunika kawa. Nikajiambia kwamba nikimkabidhi tu, namwambia. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno yangu tangu mchana, mbele ya ukuta, na ukuta ulinisikiliza vizuri sana.

Nikafika katikati ya uani. Wateja walikuwa wamejipanga, mwanamke mmoja anadai chenji, karai linachemka. Bi Zuhura akanyanyua macho akanitazama kwa lile jicho lake la kungoja. Na mimi, ambaye kitu pekee nilichokililia maisha yangu yote ni mtu wa kunitazama hivyo, nikaingiwa na hofu, nikageuka na kurudi ndani na sahani yangu.

Sasa sikiliza nilichokifanya. Nilikihamisha kimanga nikakitia kwenye bakuli. Nikachukua kijitabu cha Injili, vile vidogo tulivyokuja navyo, nikakilaza katikati ya sahani. Nikafunika kawa. Nikavizia Bi Zuhura ameingia kutawadha, nikaiweka sahani juu ya kigoda chake, nikakimbia. Nilijiambia kimanga nitakipeleka baadaye. Baadaye nikaona haya kutoka, na adhana ikalia, na kimanga tukakila sisi.

Fikiria, shajara. Mwanamke amefunga tangu alfajiri. Ameshasema leo atafuturu kwa kimanga. Adhana inalia, anafungua kwa tende na maji, anavuta sahani, anafunua kawa.

Karatasi.

Jumatano jioni hakuna aliyegonga mlango wa uani. Mchungaji alikuwa amenipongeza asubuhi, akasema mbegu imepandwa, tuwe na subira. Lakini jioni alipokuta mezani ugali na sukuma peke yake alitazama mlango mara mbili, kisha akaomba sala fupi kuliko zote alizoomba Tanga.

Alhamisi, kimya. Tulikutana uani, nikamwamkia, akaningoja, akaitikia, akaniuliza nimeamkaje. Adabu yote ilikuwepo, kasoro sahani. Na watu wa pwani wanajua kukunyima kitu huku wakikukaribisha. Niliingia chumbani nikalia. Nilikuwa nimejidanganya kwamba ninachokikosa ni tambi, kumbe nilikuwa ninakosa kuitwa Mtaita kutoka upande wa pili wa ua. Nilijiona nimekuja kutoka Voi mpaka Tanga kumpelekea mtu habari njema, na badala yake nimemwachia njaa mlangoni.

Mama Neema alinikuta hivyo. Yeye si mtu wa maneno mengi. Akasema, "Jumamosi tunaondoka. Kama ni kuomba msamaha, miguu yako haina kigugumizi."

Jana, Ijumaa, alasiri, nikaenda. Mikono mitupu, maana sahani ilikuwa kwake na sikuona chombo kingine kinachofaa. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anapiga unga wa kaimati kwenye beseni. Shikamoo yangu ilichukua muda wake. Nisamehe ilichukua zaidi.

"Nikusamehe lipi?" akauliza. "Yapo mawili."

Nikamwambia, kwa kukwamakwama, kimanga.

"La kimanga nimekusamehe, ingawa nilikinuia. La pili?"

Nikasema kitabu. Nikasema najua yeye ana dini yake, sikupaswa kumletea.

Akaacha kupiga unga. "Sivyo," akasema. "Hilo si kosa. Wewe umetoka kwenu kwa ajili hiyo, ningekushangaa usinipe. Kosa ni kwamba umesema hiki ni kitabu cha Mungu, kisha ukakilaza kwenye mafuta." Akasimama, akaingia ndani, akarudi na kitu kimefungwa kwa leso nyeupe. Akakifungua taratibu. Kilikuwa kijitabu changu. Jalada lilikuwa na doa la mafuta ya vitunguu, na juu ya doa kulikuwa na vumbi jeupe. Alikuwa amekinyunyizia unga wa ngano ili unyonye mafuta, akakiweka juu ya kabati pasipofika mkono wa mtu, na kila siku alikuwa akikifuta na kukinyunyizia upya.

Niligusa lile doa kwa kidole.

Nikamuuliza kwa nini basi sahani haikuja. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshikwa. "Wallahi nilikuwa sijui nikurudishie nini. Mtu akikupa kimanga wampa tambi. Akikupa neno la Mungu wake, wampa bajia? Si dharau hiyo? Siku mbili nawaza. Neno hurudishiwa neno. Nami ningekurudishia langu, lakini lako halijanifikia. Nimepata karatasi. Mdomo wako uko wapi?"

Nikamwambia mdomo wangu anaujua.

"Naujua. Ndio huo nautaka." Akausogeza mguu, akanivutia kigoda cha pili. "Kaa. Mimi napiga unga, wewe sema. Na mafuta leo sijabandika makusudi, maana nakujua."

Nikakaa. Nikasema.

Shajara, sitajifanya kwamba ulimi ulifunguka kimuujiza. Haukufunguka. Nilikwama kila mahali. Nilikwama hata kwenye jina lenyewe la Yesu, nikakaa pale kwenye mlango wa jina nikisukuma. Na Bi Zuhura jina la kumwitia analo, kwao ni Nabii Isa, angeweza kunimalizia kwa hilo na ingekuwa sentensi yake badala ya yangu. Hakufanya hivyo. Alipiga unga wake polepole, akangoja mpaka Yesu wangu akatoka kwa mdomo wangu.

Nilimwambia jinsi shuleni walivyonicheka mpaka nikaacha kunyoosha mkono. Jinsi nilivyoanza kuomba peke yangu nyuma ya nyumba, kwa sauti, kwa sababu Mungu alikuwa wa kwanza kunisikiliza bila kuniharakisha. Nikamwambia habari za yule kipofu aliyepiga kelele njiani na umati ukamkemea anyamaze, na Yesu, mwenye safari yake na shughuli zake, akasimama. Nikamwambia kwamba mimi ndiye yule kipofu, kwamba alisimama kwa ajili yangu, na kwamba ndicho ninachokiamini, kingine chote kinafuata hapo.

Nilipomaliza jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili na unga ulikuwa umeumuka mpaka ukingoni.

Nilimaliza mwenyewe.

Bi Zuhura alifunika beseni. Kisha akanipa lake. Akaniambia kwamba mwaka aliofiwa na mumewe maneno ya swala yalimtoka yote kichwani, hata yale aliyoyajua tangu chuoni, madrasani, akiwa mdogo. Alikuwa akitandika mswala na kukaa juu yake bila neno, kila wakati wa swala, akiamini kwamba anasikilizwa. Maneno yakarudi moja moja. "Na Nabii Musa," akasema, "naye ulimi wake ulikuwa na fundo. Hujui wewe? Aliomba lifunguliwe. Na bado Mola alimtuma yeye, hakumtuma mwenye maneno mengi."

Nikamwambia huyo Musa tunaye hata sisi. "Basi mwamjua," akasema, "na bado wanikimbia uani."

Hakuna aliyemhamisha mwenzake. Nikiandika vingine nitakuwa nimedanganya, na Mchungaji anajua. Bi Zuhura ni Mwislamu aliyefunga, nami ni Mkristo niliyemwambia habari za Bwana wangu, na adhana ilipolia alinipa tende ya kwanza kutoka kwenye mkono wake. Kaimati za jana zilichelewa, wateja wakanung'unika, akawaambia wazi kwamba alikuwa na mgeni. Kisha akanipakulia sahani. Mchungaji alipoiona inaingia mlangoni alisimama.

Asubuhi hii tulipokuwa tunafunga mizigo akaja na sahani tena, ile ile ya ukingo wa buluu, imejaa mkate wa kumimina wa njiani. Yeye amefunga, na kapika alfajiri kwa ajili ya matumbo ya watu wengine. Nilianza kuuhamisha mkate kwenye mfuko ili nimpe sahani yake. Akanishika mkono.

"Nenda nayo."

Nikamwambia ni ya kwake, na Voi ni mbali.

"Sijakupa. Nimekuazima. Utairudisha." Akanifunikia kwa kanga, akafunga pembe. "Na desturi waijua. Hairudi tupu. Nataka kimanga, Mtaita. Karatasi utakuja nayo mkononi, na mdomo wako uje nao."

Wanasema Tanga waja leo waondoka leo, yaani wadhani utaondoka leo, kumbe ukishaingia hutoki. Mimi nimetoka, lakini nimetoka na sahani ya watu, na sijui kama hiyo inahesabika kuwa ni kutoka.

Nisubiri, naitwa.

Nimerudi. Ilikuwa ni afisa wa forodha, anataka kujua nimefunga nini kwenye kanga. Nikaanza kumwambia sahani, neno likagoma. Akaanza kunisaidia. Sabuni? Samaki? Sandarusi? Mchungaji akaamka na kufungua mdomo anisaidie naye. Nikamwinulia Mchungaji mkono. Nikamwinulia afisa mkono mwingine. Wakanyamaza wote wawili, na foleni nzima nyuma yangu ikanyamaza, na nikasema, sahani.

"Ya kuuza?"

Ya kurudisha, nikamwambia.

Akatazama mkate, akameza mate maskini wa watu maana naye amefunga, akaturuhusu tupite. Mchungaji sasa ananitazama kwa pembe ya jicho. Nafikiri ameanza kuingiwa na hofu kuhusu kesho.

Kesho ni Jumapili. Tutakuwa Voi, kanisa litakuwa limejaa, na mzee yule atatuita mbele atuulize ni nani tuliyemshuhudia, kwa midomo yetu wenyewe. Watanipa kipaza sauti na mpiga kinanda ataanza kunitafutia ufunguo bila kuambiwa, kwa upendo. Mimi nitakuwa nimeshika sahani yenye ukingo wa buluu. Ninaye mtu mmoja wa kumtaja, anaitwa Bi Zuhura, na habari yake ni ndefu, na jina lake linaanza na herufi ngumu.

Siimbi.

Wangoje.